"Dini ni Uamuzi wa Mtu": Dhana Tunazozirudia na Ukweli Wake

"Dini ni uamuzi wa mtu binafsi." Maneno haya nimeyasikia kwenye vikao vya posa, binti anapotaka kuolewa na mtu wa dini nyingine. Nimeyasikia ofisini, na nimeyasikia msibani, ndugu wanapovutana kama marehemu azikwe na shehe au na mchungaji. Anayeyasema huwa na nia njema, anataka watu waheshimiane. Lakini ndani yake zimejificha dhana kadhaa ambazo huwaumiza watu walewale tunaodhani tunawalinda.

Dhana: Kila mtu ameichagua dini yake

Panda Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kusini. Ukiwa Machame, wengi utakaokutana nao ni Walutheri. Elekea mashariki mpaka Kibosho, wengi ni Wakatoliki. Wote ni Wachaga, kihamba ni kilekile cha migomba na kahawa, mvua ni ileile. Je, watu wa Machame walikaa wakapima mafundisho ya Luther, na wa Kibosho wakapima ya Roma? Hapana. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameshatangulia Kilema, wakajenga Kibosho. Mangi, yaani chifu wa Wachaga, alitoa ardhi, shule ikasimama, na mtoto aliyetaka kusoma alisoma kwa waliokuwa karibu. Wajukuu wakazaliwa ndani ya usharika au ndani ya parokia kama walivyozaliwa ndani ya ukoo.

Ndivyo ilivyo kwa Wamoravian wa Rungwe na kwa Waanglikana wa Masasi. Bagamoyo, kuanzia mwaka 1868, mapadri walilea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao wakawa Wakristo, na sioni ni lini walipewa nafasi ya kuchagua. Mtoto wa Unguja naye hupelekwa chuoni kusoma Kurani akiwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Wapo waliochagua kweli, tena kwa uhai wao. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 wangeweza kuikana imani yao mpya ya Kikristo. Hawakuikana. Lakini tukiwafanya hao kuwa kipimo cha kila muumini, tutakuwa tunawasemea uongo mamilioni ya watu ambao dini iliwakuta nyumbani.

Dhana: Ukiamua kuamini, utaamini

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumizwa zaidi.

Tuseme mtu anakuahidi shilingi milioni kumi iwapo utaamini, kwa dhati ya moyo, kwamba Ziwa Victoria limekauka jana usiku. Unaweza kutamka kwamba unaamini. Unaweza hata kuapa. Lakini kuamini kwenyewe hakuji, kwa sababu moyo haupokei amri ya namna hiyo, hata anayeamuru akiwa ni mwenyewe.

Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, anakumbukwa kwa hoja kwamba kumwamini Mungu ni kama kuweka dau ambalo huwezi kujutia. Wengi hawajui alivyoendelea. Alimfikiria mtu anayemjibu, "Nimekuelewa, lakini siwezi kuamini." Pascal hakumwambia aamue tu. Alimshauri aanze kuishi kama waaminio wanavyoishi, atumie maji ya baraka, aombe misa zisomwe, na aiache imani ije kwa njia hiyo.

Vitabu vitakatifu navyo vinaujua ugumu huu. Katika Injili ya Marko, baba mwenye mtoto mgonjwa analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kurani, katika Sura Yunus, inasema kwamba hakuna nafsi inayoweza kuamini ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Vitabu hivyohivyo vinamwita mtu achague na kumwambia kwamba ataulizwa. Wanazuoni na wanateolojia wamebishana karne nyingi jinsi mambo haya mawili yanavyokaa pamoja, na mimi sina ujasiri wa kuwaamulia.

Kilicho mkononi mwa mtu ni hatua zake: kwenda ibadani au kubaki, kusoma, kuuliza, kuchagua marafiki wa kukaa nao. Katika hatua hizo imani hustawi au hunyauka. Yenyewe huja na kuondoka kwa njia ambazo mwenye nayo haziongozi peke yake.

Nimekaa na vijana ambao imani iliwatoka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba aliamka siku moja akaamua. Walichonisimulia ni kwamba walipiga magoti kama kawaida wakakuta maneno hayana mtu upande wa pili, na waliogopa. Kisha nyumbani wakaambiwa, "Umeamua kumwacha Mungu." Walilaumiwa kwa uamuzi ambao hawakuufanya, na wengine wamejifunza kuigiza ibada ili mama asilie. Hilo linaniuma.

Dhana: Imani ya kurithi si imani halisi

Hii ni dhana ya upande wa pili, na jibu lake ni fupi. Kiswahili chako hukukichagua, nawe ndicho unachoombea, ndicho unachogombea, ndicho unachomwimbia mtoto. Kitu ulichopewa ukiwa mchanga kinaweza kuwa chako kabisa.

Dhana: Katiba imeshasema ni hiari, kwa hiyo yamekwisha

Ni kweli Katiba imesema. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inatoa uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kushurutishwa kutenda kinyume cha imani yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 imewapa watu wa dini tofauti njia ya kuoana kiserikali, ile tunayoiita ndoa ya bomani.

Lakini Katiba haihudhurii kikao cha ukoo. Anayebadili dini anaweza kukosa baraka za wazazi, kukosa mahali pa kuzikwa, na wakati mwingine kukosa urithi: kwa kauli ya wanazuoni walio wengi wa Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Gharama hizo hazilingani kwa kila mtu. Mwanamume mwenye kipato chake hupoteza mengi. Mwanamke anayemtegemea mume anaweza kupoteza nyumba na watoto. Kuwaambia wote wawili "ni hiari yako" ni kusema maneno yaleyale kwa watu ambao hawana hiari iliyo sawa.

Dhana: Umechagua mwenyewe, basi vua au ondoka

Ukishaamini kwamba dini ni chaguo kama rangi ya shati, hatua inayofuata ni rahisi: hijabu, msalaba, kilemba, vyote vinaweza kuachwa mlangoni. Mwaka 2006 Nadia Eweida, mfanyakazi wa kaunta ya British Airways, alikatazwa kuvaa msalaba unaoonekana. Hoja iliyotumika kwa miaka mingi huko Ulaya ilikuwa kwamba mfanyakazi yuko huru kuacha kazi. Januari 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba uhuru wa kuacha kazi hautoshi kufuta swali, akashinda.

Kenya mambo hayakwenda kwa mstari mmoja. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa ruhusa ya hijabu wanafunzi Waislamu wa shule moja ya Isiolo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo kwa kasoro za jinsi dai lilivyofikishwa mahakamani. Mwaka huohuo, Septemba, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisema kwamba Urastafari ni dini kama nyingine, na kwamba haikuwa halali kumtoa msichana shuleni kwa sababu ya rasta zake. Kesi ilifunguliwa na baba yake. Dini ile aliikuta nyumbani, kama watoto wa Machame na wa Kibosho.