Wagonjwa wa saratani wanatupotelea njiani

Watu wakisikia naratibu huduma za saratani Kanda ya Ziwa wanadhani nashinda kwenye vikao nakula sambusa. Vikao vipo na sambusa zipo, sikatai, ila kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kupiga simu kuuliza fulani yuko wapi leo.

Miaka mingi nchi hii matibabu ya mionzi yalikuwa yanapatikana hospitali ya saratani ya Ocean Road tu, pale Dar, sasa piga picha mama katoka Ukerewe, kapanda feri ya Nansio, kalala Mwanza kwa ndugu, asubuhi anapanda basi la zaidi ya kilomita elfu moja na huku anatokwa damu. Kwahiyo hospitali ya Bugando hapa Mwanza walipoanza kutoa mionzi tulifurahi sana, mimi nikajua sasa kazi imeisha. Kumbe wapi. Mashine ipo mwisho wa safari, kabla yake kuna zahanati, wilaya, mkoa, na kila sehemu mgonjwa anapewa karatasi anaambiwa nenda mbele, halafu aliyempa karatasi hajui kama alifika.

Mfano saratani ya mlango wa kizazi, ndo inayoongoza kwa wanawake hapa kwetu. Kuitafuta sio ngumu kabisa, muuguzi anapaka siki nyepesi anasubiri kama dakika moja hivi, pakigeuka peupe anajua pana kitu, na pakionekana pabaya zaidi kinakatwa kinyama kwenda kupimwa. Hapa kwenye kinyama naomba mnivumilie kidogo maana ndo panaponiuma. Kinatakiwa kizame kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisiharibike, na fomalini yenyewe iwe kama mara kumi ya kinyama. Kuna siku nilipokea kikopo kutoka hospitali moja, siitaji, kimezungushiwa plasta nyingi, nafungua nakuta fomalini ni tone tu na kinyama kimekauka kama dagaa wa Igombe. Mtu wa patholojia, anayepima hivyo vinyama, alikiangalia akanirudishia bila kusema neno. Nikapiga simu kwa hasira, kumbe walipunguza fomalini isije ikamwagika kwenye basi! Na ukiwauliza mmoja mmoja, aliyekata alikata vizuri, aliyefunga alifunga vizuri, na konda alifikisha. Mama wa watu akaitwa upya akakatwa upya, mwezi na nusu ukawa umekatika hivi hivi. Siku hizi tunawapelekea vikopo vyenye mdomo mpana, fomalini imo tayari, na kikifika maabara mtu anapiga picha ya namba tu, bila jina, anarusha kwenye grupu la WhatsApp.

Jibu likitoka ndo mbio zinaanza. Mionzi ya nje kwa kawaida ni kama mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani, inayowekwa pale pale penye uvimbe, na vyote hivyo vinatakiwa viishe ndani ya wiki nane maana ukiacha mapengo uvimbe unapata nafasi ya kuota tena. Sasa mgonjwa anafika damu ipo 6, yaani kidogo mno, figo hazijapimwa, hawezi kuanza, anakaa benchi wiki mbili anaongezewa damu ambayo wilayani kwao wangeweza kumuongezea kabla hajapanda basi. Na hapo bado hujauliza atalala wapi wiki zote hizo, nani anampikia, na mpunga nani anapalilia. Asilimia kubwa ya wanaokatisha matibabu niliowahi kuongea nao hawakuchoka mionzi, waliishiwa hela ya kula.

Watoto ni habari nyingine. Burkitt, ule uvimbe wa taya, unaweza kukua mara mbili ndani ya siku moja au mbili, kwahiyo ukisubiri kikao cha Alhamisi umeshachelewa. Huyo mlete usiku huo huo, barua ya rufaa itafuata, maana kemo, yaani dawa za saratani, anaziitikia vizuri mno akiwahi.

Wakubwa wanapenda kuongelea mashine kwa sababu mashine inakatwa utepe. Mimi ningepewa hela leo ningeajiri watu wa simu, mmoja kila wilaya, kazi yake iwe kujua wagonjwa wake wako wapi, basi.

Na nyie mnaoandika rufaa, tafadhali wekeni namba mbili, moja iwe ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Juzi kati nimepiga namba ya kwenye faili, kapokea kijana wa bodaboda, ananiambia dada huyo mama nilimbeba siku moja tu, ila kwake napajua. Nikamrushia elfu tano ya mafuta, akaenda kumwita.