Eksileta kunata, sio kila mara ni waya

Kuna hii imani ya miaka mingi kwamba eksileta ikinata dawa yake ni kumwagia oili kwenye waya unaovutwa na pedeli, basi imeisha. Hapana jamani. Oili inasaidia siku mbili tatu halafu inakamata vumbi na waya unakuwa mzito kuliko mwanzo.

Anza na kapeti la miguuni, likisogea mbele linakaba pedeli, nimeshaona mtu kafumua throto nzima (ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) kumbe kapeti tu. Kama sio hilo zima injini, fungua boneti, chomoa waya pale kwenye throto uizungushe kwa mkono, ikirudi yenyewe tap! basi waya ndio mbovu, nyuzi zimeanza kuchanika ndani ya ganda, badilisha tu. Ikigoma mwanzoni kabisa kama imegandia, chungulia kile kisahani ndani ya throto utaona masizi meusi pembeni, hayo unayaondoa kwa dawa ya kusafishia throto na kitambaa. Na gari nyingi za siku hizi pedeli ni sensa, waya hakuna, sasa hiyo oili unampaka nani?

Ikinata ukiwa barabarani weka nyutro, kanyaga breki moja kwa moja bila kupampu, injini uzime ukishasimama maana ukizima mapema stelingi inakuwa nzito.