Mtoto wa miezi minane anaishi

Juzi tena, wodi ya njiti. Bibi kamtazama mjukuu wake wa gramu 1,700, akamwambia binti yake mbele yangu: "Huyu wa miezi minane, mwanangu, usijichoshe. Angekuwa wa saba angepona." Mama wa watu hakukamua maziwa hadi jioni.

Nimechoka kuisikia kauli hii. Wiki 32 za wa miezi minane ni afadhali kuliko 28 za wa saba, na 34 ni afadhali kuliko 32. Kila wiki tumboni mapafu yanakomaa, mafuta yanaongezeka chini ya ngozi. Hakuna mwezi ambao mapafu hurudi nyuma!

Imani yenyewe ni kongwe, hata Wagiriki wa kale waliiandika. Nadhani inalishwa na hesabu zetu. Wa saba akifa, watu husema mimba iliharibika, na hahesabiwi. Akipona, ukoo mzima humsimulia. Tena wapo "wa saba" waliotimiza tisa kamili, ikasemwa saba ili kumsitiri mama aliyeolewa akiwa mjamzito.

Nakiri, hesabu hutupiga chenga hata sisi. Mama akianza kliniki mimba imeshakuwa kubwa, hedhi ya mwisho haikumbuki, siwezi kuapa kama mtoto ni njiti au ametimia ila alidumaa tumboni. Naangalia joto lake, pumzi na uzito.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 33 hufa kabla ya mwaka mmoja, na 24 kati yao hufa ndani ya mwezi wa kwanza. Mwaka 2015/16 walikuwa 43 na 25. Yaani waliovuka mwezi wa kwanza tunawaokoa, wachanga wamekwama palepale.

Malaria, presha, mimba za kufuatana, umri mdogo wa mama: hayo yanayochangia kuzaa njiti kliniki tunayasema kila siku. Tusilolisema ni nyumba. Njiti hukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na hunyweshwa maziwa yaliyokamuliwa kila baada ya saa mbili au tatu. Nani atapika? Nani atabaki na wakubwa? Nauli ya kurudi kupima uzito itatoka wapi? Familia ikishaamini mtoto ni wa kufa, hakuna anayejitolea, na mama hubaki peke yake. Hapo ndipo wa miezi minane anapofia.

Jioni ile nilimfundisha bibi kumfunga mtoto kifuani kwa khanga. Mama alikwenda kuoga, akarudi, akakamua.