Pai kwenye namba za malori ya korosho

Msimu wa korosho ukifunguliwa, malori huelekea bandari ya Mtwara, nami huwatuma wanafunzi wangu barabarani na daftari. Wanaandika zile tarakimu tatu za namba ya gari, wanazipanga mbili mbili, kisha wanatafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa zote mbili), ileile ya shule ya msingi. Jozi ikitoa KKS ya 1, inatiwa alama.

Jozi ngapi zitatiwa alama? Wengi hubahatisha nusu.

Tukokotoe. Uwezekano wa namba zote mbili kugawanyika kwa 2 ni 1/4, hivyo jozi hunusurika kwa 3/4. Kwa 3 hunusurika kwa 8/9, kwa 5 ni 24/25, kwa 7 ni 48/49, na kuendelea kwa kila namba tasa. Zidisha: 0.75, 0.667, 0.64, 0.627... inashuka taratibu hadi 0.6079. Tunaruhusiwa kuzidisha kwa sababu 2 na 3 haziingiliani: katika namba 6 zinazofuatana, moja tu hugawanyika kwa zote mbili. Ila namba tasa hazina mwisho, na kuzidisha kusiko na mwisho kunadai uthibitisho. Anayeruka hapo namkata maksi.

Hiyo 0.6079 ni 6 kugawanya kwa kipeo cha pili cha pai. Mwaka 1734 mwanahisabati Euler alionyesha kuwa 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16... hufikia pai kipeo cha pili kugawanya kwa 6. Jibu letu la kuzidisha ni kinyume chake, yaani 1 kugawanya kwa jumla hiyo. Duara halikuhusika popote, ukiacha matairi.

Basi gawanya 6 kwa sehemu ya jozi zenye alama, tafuta kipeuo cha pili, utapata pai: jozi 61 kati ya 100 zitakupa 3.136, jozi 56 zitakupa 3.273. Mia moja ni chache mno, na kundi linaloleta 61 kamili hulitilia shaka ya kupika kuliko la 56.

Utafiti wangu uko jirani na hapo. Mwaka 1940 wanahisabati Erdős na Kac walithibitisha kwamba idadi ya namba tasa zinazogawa namba kubwa husambaa kwa umbo la kengele, kana kwamba zimerushwa kama shilingi. Namba yako ya simu, ukiondoa sifuri ya mwanzo, kwa wastani hugawanywa na namba tasa kama tatu hivi. Yenyewe kuwa tasa ni karibu moja kati ya 20. Mwanafunzi mmoja kutoka Tandahimba alikuta yake ni tasa. Mpaka leo amekataa kubadili laini.