Vishazi vya Nyongeza Katika Kiingereza: Mkato Unabadilisha Maana

Tangu matokeo ya mtihani wetu wa Kiingereza cha ofisini yatoke, idara inapokea malalamiko ya watahiniwa wa Kampala, Jinja na Arua wanaosema wamekatwa alama "kwa sababu ya mkato tu". Tunajua walijitahidi. Lakini mkato huo, yaani alama ya koma (,), ndio uliokuwa swali lenyewe.

Soma hii: "The drivers who passed the test will be paid." Watakaolipwa ni waliofaulu peke yao. Sasa hii: "The drivers, who passed the test, will be paid." Hapa madereva wote walifaulu na wote watalipwa; kufaulu kwao ni habari ya ziada. Mhasibu akiletewa waraka wa pili ilhali mkubwa wake alikusudia wa kwanza, fedha za umma zitaenda kwa wasiostahili.

Ukitaja jina la pekee, msomaji hahitaji kubainishiwa: "Mbale, which lies near Mount Elgon, is a city." Ondoa kishazi cha nyongeza, yaani maneno yaliyo kati ya mikato, Mbale inabaki Mbale. Kishazi kikiwa katikati ya sentensi, mikato ni miwili, kabla na baada. Wengi huweka wa kwanza na kuusahau wa pili. "That" haiingii hapa. Kwa watu ni "who", kwa vitu "which", na kirejeshi, yaani hilo neno "who" au "which", hakidondoshwi kama kinavyoweza kudondoshwa katika "the book I bought".

Lile wazo kwamba mkato huwekwa mahali unapovuta pumzi, tafadhali liacheni. Tumelisahihisha darasani kila muhula, na bado linarudi kwenye karatasi za majibu.

Kuhusu alama: mkato mmoja ukikosekana, hukatwa nusu alama. Ukigeuza maana, sentensi nzima hupata sifuri, hata kama tahajia ni safi. Anayetaka karatasi yake ipitiwe upya aandike barua yenye namba ya mtahiniwa, namba ya swali na sentensi anayoilalamikia, aambatanishe stakabadhi ya ada, kisha aikabidhi kwa mkono ofisi ya mitihani na kutia saini daftarini. Malalamiko ya simu hayasajiliwi. Barua isiyotaja sentensi hurudishwa. Karatasi hupewa msahihishaji mwingine, si yule wa mwanzo, na alama yaweza kupanda, kubaki ilivyo au kushuka. Itakayotoka hapo ndiyo itakayoandikwa kwenye cheti.