Sio kila miguu miwili ni 93970

Juzi usiku kijana mmoja ninayemfundisha hii kazi alinitumia meseji WhatsApp, dada naomba unisaidie, klemu (dai la malipo kwa bima) imerudi na mimi naona niko sawa kabisa, mgonjwa amepimwa miguu yote miwili nikaweka msimbo wa bima 93970, sasa kosa liko wapi? Nikamwambia nitumie ripoti yenyewe ila ficha jina la mgonjwa kwanza. Kuisoma mara moja tu nikaona. Mguu wa kulia daktari ameeleza mshipa baada ya mshipa, kuanzia kwenye kinena mpaka chini ya goti, kila mmoja ulibonyezwa ukafunga vizuri na damu inapita. Mguu wa kushoto ameandika mstari mmoja, vena ya kwenye kinena (vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni) iko sawa. Basi.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Arua, naishi Kampala, na kazi yangu ni kusoma ripoti za madaktari na kuzigeuza kuwa namba ambazo bima inalipia. Wenzangu wanaziita kodi, mimi naandika misimbo maana ukisema kodi hapa Uganda mtu anafikiria URA, mamlaka ya mapato. Kliniki ninazozifanyia ziko Marekani kwa hiyo siku yangu inaanza saa tisa mchana, New York ndio saa mbili asubuhi, na baridi ikiingia kwao inasogea mpaka saa kumi.

Sasa turudi kwa kijana. Kwenye CPT, yaani misimbo ya vipimo na matibabu inayotolewa na chama cha madaktari wa Marekani, ultrasaundi ya dupleksi ya vena za mikono au miguu ina namba mbili. 93970 ni kipimo kamili cha pande zote mbili. 93971 ni cha upande mmoja AU kipimo kisicho kamili. Hilo neno AU ndilo watu wanaliruka. Ukipima miguu yote miwili lakini mmoja umeugusa juu juu tu, hiyo sio 93970, ni 93971, na unaiandika mara moja, usije ukaiandika mara mbili eti kwa sababu miguu ni miwili.

Na dupleksi yenyewe sio picha tu. Lazima kuwe na picha ya kawaida ya mshipa, rangi ya mtiririko wa damu, na yale mawimbi ya dopla yanayoonyesha mwendo wa damu, alafu kwa vena kuwe na kubonyeza, maana vena yenye afya ukiibonyeza inafunga, yenye donge la damu haifungi. Kile kidopla cha mkononi kinachotoa sauti tu bila kuacha rekodi yoyote hakilipiwi peke yake, kinahesabiwa ni sehemu ya daktari kumkagua mgonjwa. Kama ripoti haisemi kitu kimefanyika, kwangu mimi hakikufanyika, hata sonografa, yule anayeendesha mashine, aape.

Lakini kitu kinachonisumbua zaidi, na hapa naomba usome polepole, ni ile vena ya femora, ya kwenye paja, ambayo ripoti za zamani, na nyingine za leo, zinaiita femora ya juujuu. Jina linadanganya. Hiyo ni vena ya ndani, ya hatari, donge likikaa pale linaweza kukatika likapanda mpaka kwenye mapafu na mtu akafa. Wataalamu wa anatomia walikubaliana miaka ya 2000 mwanzoni iitwe vena ya femora tu, lakini mazoea ni mazoea. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma juujuu nikakimbilia msimbo wa ugonjwa I82.812, donge kwenye vena za juu mguu wa kushoto, wakati ilitakiwa I82.412, donge jipya kwenye vena ya femora ya kushoto. Msimamizi wangu ndiye aliyeikamata. Nilijisikia vibaya siku nzima, sio kwa sababu ya hela, ni kwamba faili la yule mgonjwa lilikuwa linakwenda kusema ana tatizo dogo kumbe ana la kuua. Ya juu kweli, iliyo karibu na ngozi, ni kama safena, hiyo ndiyo I82.81 na wenzake.

Alafu kuna hili la kushuku. Daktari anaandika anashuku damu imeganda, kipimo kinarudi safi, na koda, yaani mtu wa kazi kama yangu, anaweka msimbo wa donge la damu. Hapana jamani. Kwa mgonjwa wa nje, asiyelazwa, sheria ya Marekani ni kwamba kinachoshukiwa hakipewi msimbo, unaandika kilichomleta, maumivu ya mguu wa kulia M79.604, wa kushoto M79.605. Ukiandika ugonjwa ambao hana, unamfuata miaka.

Venografi, ile ya kuingiza dawa na kupiga eksrei, siku hizi siioni sana. 75820 mguu mmoja, 75822 miwili, na kuchoma dawa ni 36005 pembeni. Mashine ikiwa ya hospitali na daktari amesoma picha tu, upande wa daktari unaongeza alama ya 26 kwenye msimbo. Hayo tu.

Hapa nyumbani mambo ni tofauti, CPT sio ya kwetu na ICD-10, ile misimbo ya magonjwa, tunayoijua ni ya WHO, Shirika la Afya Duniani, sio ile ya Marekani, kule donge la vena za ndani za mguu liko I80.2 na la femora I80.1, kwa hiyo usichukue karatasi yangu ya Marekani ukaipeleka kwa bima ya Kampala. Na wagonjwa wengi wanalipa mfukoni, muswada wa bima ya afya ya taifa ulipita bungeni Machi 2021 lakini haukuwa sheria. Ndio maana hii habari inaniuma. Mama mmoja wa kwetu alisafirishwa kutoka Arua akiwa mjamzito, mguu wa kushoto umevimba, kituo kimoja binafsi kikamtoza vipimo viwili kamili, kulia na kushoto. Nilipoisoma ile ripoti mguu wa kulia ulikuwa na maneno manne. Maneno manne, na familia ilikuwa imeuza mbuzi. Shemeji yake alirudi na ripoti mkononi, akawaonyesha ule mstari, akaongea kwa adabu tu, wakamrudishia hela ya mguu wa kulia.

Yule kijana nilimuuliza, picha za mguu wa kushoto zipo? Maana zingekuwepo zote daktari angeweza kuongeza maelezo kwenye ripoti, akaweka tarehe na saini, na 93970 ingesimama. Akauliza kliniki wakamjibu ziko mbili, zote za kwenye kinena. Kwa hiyo hakuna cha kuongeza. Amebadilisha ikawa 93971, moja, ameituma jana saa kumi na moja jioni, tunangoja jibu.