Je, wajua? Mwalimu mmoja, stoo moja, na wajiolojia wanawake 8 kati ya 11

Mwaka 1937 ukihesabu wanawake waliokuwa wamepewa ile ngazi ya juu ya uanachama kwenye Chama cha Jiolojia cha Marekani ulikuwa unapata 11 tu, nchi nzima ile, na kati ya hao 11 wanane walikuwa wamepita chuo kimoja kidogo cha wanawake kinaitwa Bryn Mawr, pembeni mwa Philadelphia. Siyo Harvard wala Yale. Sasa chuo chenyewe kilipofunguliwa 1885 hata idara ya jiolojia hakikuwa nayo. Ilikuwaje?

Jibu linaanza na mama mmoja, Florence Bascom, aliyeajiriwa pale 1895. Huyu alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka chuo kikuu cha Johns Hopkins, aliipata 1893, na kuipata kwake ni kituko, maana chuo kilikuwa hakichukui wanawake, yeye akaruhusiwa kwa kibali maalum na darasani akawekwa nyuma ya pazia ili eti asiwavuruge vijana wa kiume. Yaani mtu anasomea mawe nyuma ya pazia! Na kazi aliyoandika siyo ya mchezo, alichukua miamba ya South Mountain kule Pennsylvania, ambayo watu walikuwa wanaihesabu kama mashapo (matope na mchanga) yaliyoganda, akaonyesha kwamba nyingi ni lava za volkano za zamani sana ambazo zimebadilika sura kwa joto na mgandamizo wa ardhini.

Bryn Mawr wakampokea, ila nafasi hakuna. Jengo la sayansi lilikuwa limejengwa kwa ajili ya baiolojia, kemia na fizikia, wenye nyumba ni hao, jiolojia ikasukumiwa sehemu ya stoo. Mwalimu mmoja, mawe hana, maana huwezi kufundisha jiolojia kwa chaki peke yake, mwanafunzi lazima ashike jiwe, alikwaruze, aliinue aone uzito wake. Ndani ya miaka miwili hivi akawa ameshakusanya madini, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) na miamba ya kutosha kufundishia.

Hapa inabidi nieleze idara ya jiolojia inakuwaje kwa ndani, maana wengi tukisikia mjiolojia tunawaza mtu wa nyundo na buti za mgodini tu. Idara kubwa ina mtu wa madini, mtu wa visukuku, mtu wa ramani, na kuna fundi wa maabara ambaye kazi yake ni kukata mawe na kuyasaga. Huyo fundi watu wanamsahau lakini bila yeye hakuna kinachokwenda. Anakata kipande cha mwamba kwa msumeno wa almasi, anakilainisha upande mmoja, anakibandika kwenye kioo kwa gundi, halafu anasaga upande wa pili kwa unga wa kusagia na maji mpaka jiwe linabaki na unene wa milimita 0.03. Ni nyembamba kuliko unywele, mwanga unapita kabisa. Atajuaje kwamba amefika? Anaweka chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, anatafuta kwatzi, madini yanayopatikana kwenye miamba mingi, ikiwa bado inaonyesha rangi za kung'aa basi jiwe bado nene, ikishakuwa ya kijivu tu anaacha, maana akizidisha hata kidogo jiwe lote linaondoka anabaki na kioo kitupu. Kwenye idara ndogo kazi zote hizi, kuanzia mhadhara hadi kuandika lebo za maboksi, zinaangukia mikono michache. Na Bascom fani yake hasa ilikuwa ndo hiyo, kusoma miamba kwa hadubini, ujuzi ambao Marekani wakati ule wenye nao walikuwa wachache.

1896, mwaka mmoja tu baada ya kuanza kufundisha, akaajiriwa pia na USGS, shirika la serikali la kupima jiolojia ya nchi, mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale kama mjiolojia. Kiangazi anachora ramani za Pennsylvania na majimbo ya jirani, baridi ikija anafundisha na kuchungulia vipande vya mawe aliyorudi nayo. Kwa hiyo wanafunzi wake hawakusoma mawe ya kitabuni, walisoma mawe ambayo mwalimu mwenyewe bado anabishana nayo.

Mambo hayakuwa mteremko lakini. 1899 rais wa chuo, M. Carey Thomas, akataka kuishusha jiolojia iwe somo la kuchagua tu, mtu asiweze kuchukua shahada kwenye hilo. Bascom akasema basi mimi naacha kazi. Wadhamini wa chuo wakaangalia, wakarudisha somo kwenye hadhi yake. Mwalimu mmoja bana, idara nzima inasimama au inaanguka naye.

Tusidanganyane pia kwamba ni yeye peke yake. Kilichosaidia ni kwamba Bryn Mawr tangu mwanzo kilikuwa kinatoa hadi shahada ya uzamivu, kitu ambacho vyuo vingine vya wanawake havikuwa navyo, na vyuo vingi vya wanaume mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo msichana anayetaka jiolojia ya ngazi ya juu angeenda wapi? Ukichanganya hilo na mwalimu mkali asiyependa kazi ya kulipua, ile 8 kati ya 11 inaanza kueleweka.

Angalia sasa waliotoka pale. Ida Ogilvie alienda kuanzisha idara ya jiolojia Barnard College, New York, 1903, yaani kidogo kikazaa kidogo. Anna Jonas na Eleanora Bliss wao walichukua uzamivu 1912, na 1916 wakachapisha kazi juu ya miamba ya Wissahickon, kulekule Pennsylvania, inayopingana waziwazi na maelezo ya mwalimu wao. Mwalimu hakufurahi, ubishi ukaendelea miaka. Mimi hilo naliona ni cheti kizuri kuliko sifa zote, kumfundisha mtu mpaka anaweza kukupinga kwa ushahidi wa mawe yaleyale uliyomwonyesha.

Halafu kuna Julia Gardner, bingwa wa visukuku vya konokono na chaza. Vita Kuu ya Pili, Wajapani wakawa wanarusha maputo yenye mabomu yanavuka bahari ya Pasifiki kwa upepo wa juu mpaka Marekani, na maputo yalibeba mifuko ya mchanga kama uzito. Kitengo cha jiolojia cha jeshi, ambacho Gardner alikuwemo, kikachukua ule mchanga kikauchambua, madini, vijidudu vya baharini, vipande vya kombe, kikabana hadi sehemu chache za fukwe za Japani unakotoka. Bascom alishastaafu tangu 1928, alifariki 1945, mwaka uleule maputo yalipokoma.